Sauti Iliyofutwa kwa Hotuba ya Bomba la Maji

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa presha ameniagiza niwe naandika kila siku ninavyojisikia. Najisikia kuchoka. Ningeweza kuishia hapo, lakini daftari ni nene na mimi sipendi kupoteza karatasi.

Mvua imeanza leo, na paa la stoo limeanza nayo. Nimetega ndoo, mabeseni na sufuria kubwa la mpishi, maana zamani studio hii ilikuwa na mpishi, na fundi cherehani, na watu wawili ambao kazi yao ilikuwa kuwapaka wenzao poda tu. Filamu na michezo ya televisheni iliyotengenezwa humu ilitazamwa hadi miji ambayo sisi hatujawahi kufika. Sasa tumebaki watatu. Yupo Meneja, ambaye huja akijisikia. Yupo Fundi wa projekta, ambaye huja kwa sababu mkewe hataki kumwona nyumbani mchana. Na nipo mimi, mtunza mikanda, ninayekuja kwa sababu ufunguo ninao mimi.

Leo Meneja amekuja, nikajua kuna jambo. Studio imeuzwa. Mvua zikiisha tunakabidhi, na mwenye kiwanda cha magodoro atapageuza ghala.

"Angalau watu watalala vizuri," Fundi akasema.

Meneja hakucheka. Amesema tutafanya onyesho la kuaga mwanzoni mwa Mei, tuonyeshe ile filamu ya stesheni, na mgeni wa heshima awe mama yangu.

"Mwambie Mama ajiandae. Mji mzima utakuja kumwona."

Mji mzima utamwona, yeye haoni hata mlango. Nilikwenda kumwaga ndoo.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Ndoo. Maharage yameungua.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempeleka Mama kliniki ya macho. Si kwamba kuna cha kutibu. Presha ya macho ilishamaliza kazi yake, jicho la kulia kwanza, la kushoto likafuata mwaka jana. Tunakwenda kwa sababu wanampa matone, na yeye anapenda kuchangamkiwa na manesi.

Pale kona, muuza miavuli alimwona akapiga kelele, "Mama! Mzigo vipi leo?"

Mama akanyoosha shingo, akapunga mkono upande usiokuwa na mtu.

Nilieleze hili vizuri, maana kichwa changu nacho si cha kutegemea. Nilipokuwa bado natambaa, Mama aliigiza mke ambaye mumewe anataka kumwacha stesheni pamoja na masanduku, yeye apande treni akaanze maisha mapya. Mke anashika mlango wa behewa na kusema, "Mimi si mzigo wa kuachwa stesheni!" Basi. Maneno hayo yametembea kuliko treni yenyewe. Wake huwaambia waume zao. Watoto huwaambia mama zao wakicheleweshwa shuleni. Hata wasioijua filamu wanayajua.

Tatizo ni kwamba sauti ile si ya Mama. Sauti ya Mama inakwaruza kama meza inayoburutwa kwenye sakafu ya saruji. Mwongozaji aliupenda uso wake, lakini sauti aliichoka siku ya kwanza. Picha zikapigwa na Mama, kisha maneno yakasemwa na mdogo wake, Mama Mdogo, chumbani kwenye maikrofoni, akifuatisha midomo. Ndivyo kazi ilivyofanywa humu: picha mkanda wake, sauti mkanda wake, zinakutanishwa siku ya kuonyeshwa. Mji ukaamini kwamba Mama ni msanii kiasi cha kubadili hata koo. Naye akauacha mji uamini.

Yeye na Mama Mdogo hawajasemezana tangu hapo. Kwenye misiba hukaa pande mbili za chumba, na mimi katikati nabeba salamu kama posta.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwambia Mama kuhusu onyesho. Amefurahi hadi akadai chai ya pili. Ametaka gauni lake la kijani, ambalo panya walishalila mwaka juzi, nami sikuwa na nguvu ya kumwambia.

"Mimi siwezi kuiona tena," akasema. "Lakini nitaisikia. Nikiisikia nitaona yote, hadi vumbi la pale stesheni."

Nilitaka kumuuliza, utamsikia nani? Anajua atamsikia nani. Alikuwa amekaa kitandani, mikono magotini, anatabasamu mbele ya ukuta. Nikajikuta namwonea huruma na kumkasirikia kwa wakati mmoja, jambo ambalo linachosha kuliko kumwaga ndoo.

Ijumaa, 14 Machi

Leo tumeijaribu filamu. Fundi aliweka mkanda wa picha upande huu wa meza ya kuhariria na mkanda wa sauti upande ule. Jina la filamu limeandikwa vizuri juu ya makopo yote. Harufu ya siki ilinifika kooni, maana mikanda ikizeeka hunuka siki, nami nimenuka hivyo miaka yote. Mama hunitambua kwa harufu hiyo kabla sijafungua mdomo.

Picha ikawaka. Yule hapo, Mama, kijana kuliko mwanangu wa pili, kashika mlango wa behewa. Akafungua mdomo. Ikatoka sauti nzito ya mwanamume:

"Ndugu wananchi, bomba hili la maji ni matunda ya mshikamano wetu."

Tukatazamana. Mama kwenye picha akatoa chozi. Sauti ikaishukuru kamati ya maji, ikamshukuru mwenyekiti wa kamati, ikaomba wananchi wasifulie nguo bombani. Mume akapanda treni. Watu wakapiga makofi.

Fundi alicheka hadi akashika meza. Mimi nilicheka pia, halafu nikaona nimeacha kucheka na machozi hayajaacha kutoka.

Tumejaribu mikanda yote mitano ya sauti. Mitano yote ni bomba la maji.

Jumamosi, 15 Machi

Fundi anasema ilikuwa amri. Mikanda ya sauti ilikuwa adimu, na ile iliyokwisha kuonyeshwa ikafutwa ili irekodiwe tena. Picha haifutiki, sauti inafutika. Hakuna aliyekumbuka kubandua majina kwenye makopo, kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikizifuta vumbi hotuba.

Nimemwambia Mama wakati wa chakula. Akasukuma sahani polepole mpaka ikagonga kikombe.

"Yote?"

"Yote, Mama."

Hakula.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Mama kalala mchana kutwa, uso ukutani. Ukuta au dirisha kwake ni mamoja, lakini kachagua ukuta.

Alhamisi, 20 Machi

Kaka kapiga simu kutoka huko aliko. Kaka yangu ana ushauri mwingi kwa sababu yuko mbali. Anasema tutafute mwanamke yeyote mwenye sauti nzuri asome maneno. Meneja anasema tupige muziki tu, watu watafurahi.

Mama ameyasikia yote mawili. "Sauti ya mtu mwingine siitaki."

"Unamtaka nani, Mama?"

"Nimesema namtaka mtu?"

Jumapili, 23 Machi

Nimekwenda kwa Mama Mdogo bila kumwambia Mama. Anakaa ng'ambo ya mji, peke yake na kuku. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi alipostaafu. Nusu ya mji huu imeandika imla kwa sauti ileile inayowaliza kwenye filamu, na hakuna hata mmoja aliyeunganisha mambo.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba. Vua viatu, una tope hadi shingoni. Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Basi dada anaumwa."

"Haumwi. Macho tu yanamsumbua."

Nikamweleza. Nilipofika kwenye bomba la maji alicheka sana, kicheko kizuri cha msichana, halafu akakikata.

"Kwa hiyo nimefutwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa mdomo wa dada yangu, mara ya pili kwa bomba."

Akanisimulia kitu ambacho Mama hajawahi kunisimulia. Filamu ilipotoka, Mama aliitwa redioni, naye akamsindikiza. Walikaa kwenye benchi moja, goti kwa goti. Mtangazaji akauliza, sauti hiyo nzuri unaipataje?

"Nikasubiri," akasema Mama Mdogo. "Nikajiambia, sasa atanigeukia. Hata nikaweka vizuri kitambaa cha kichwa, redioni, nani angekiona? Akajibu, 'Ni mazoezi tu.' Mazoezi! Mimi ndiyo nikawa mazoezi."

Kuku mmoja aliingia ndani, akafukuzwa kwa imla kali.

"Mwambie aje mwenyewe. Aje aniombe kwa hiyo sauti yake ya kuburuta meza. Asipokuja, waonyeshwe bomba."

Jumatatu, 24 Machi

Nimemfikishia Mama ujumbe. Akanikatiza kabla sijamaliza.

"Mkubwa hamfuati mdogo."

"Mama, si ukubwa jalala?"

"Ndiyo, ni jalala. Umeona wapi jalala likitembea? Takataka ndizo zinazoletwa."

Nimekwenda kufua. Mvua imezirudisha nguo ndani zikiwa na maji mengi kuliko nilivyozitoa.

Jumapili, 30 Machi

Wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi nimelima hadi mpini umekatika, na kapu sijaliona.

Jumatano, 2 Aprili

Leo nimemchukia mama yangu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyojisikia, na daktari alitaka nijisikie kwa maandishi. Nilikuwa namwosha miguu. Akaanza kumweleza jirani aliyekuja kuchukua moto wa jiko jinsi mwongozaji alivyompigia magoti, na jinsi watu walivyolia ukumbini kwa ile sauti. Ile sauti! Akaisema hivyo, kwa koo lake la kukwaruza, na jirani akaitikia, "Kweli wewe ni kipaji."

Niliuachia mguu ukadumbukia majini. Mama akauliza kuna nini. Nikasema sabuni imenitoka mkononi.

Namwona Mama Mdogo kwenye benchi la redio, anaweka vizuri kitambaa.

Jumatano, 9 Aprili

Paa limeanguka.

Upepo ulianza asubuhi nilipokuwa nachemsha maji ya chai. Nikasikia bati linagonga, linagonga, halafu halikugonga tena, nikaona mbingu. Ubao wa dari ukashuka juu ya rafu ya nyuma na maji yakafuata kama yaliyokuwa yameitwa. Nilimpigia Fundi kelele. Mzee wa umri ule akaja mbio na projekta kaikumbatia, maana ndicho kitu cha kwanza alichofikiria kuokoa, projekta ambayo ilikuwa chumba kingine, pakavu.

Tulipanga mstari wa watu wawili. Mimi nachukua makopo, natoka, nampa, narudi. Tope lilifika kwenye vifundo vya miguu. Mchezo wa televisheni wa familia ya daktari wa meno, uliowanyamazisha watoto wa mji mzima kila Alhamisi, ulielea kuelekea mlangoni kopo kwa kopo na sikuweza kuukimbiza. Nilikuwa naitafuta stesheni.

Mkanda wa kwanza ulikuwa mkavu. Wa pili mkavu. Kopo la tatu lilikuwa zito, nikalitikisa, likasikika maji. La nne vilevile. Nilifungua la tatu hapohapo kwenye mvua, kosa ambalo mtunza mikanda hapaswi kulifanya, nikauvuta mkanda kidogo. Picha ilibanduka kama utando wa maziwa. Mama alikuwa kwenye kidole changu, na gauni lake, na kona ya meza ya chakula, halafu nikawa na kidole cheusi tu.

Nimelia pale mbele ya Fundi. Hakuniambia ninyamaze. Aliuliza, "Wa tano upo?"

Wa tano ndio wenye stesheni. Ulikuwa rafu ya juu kabisa, umekauka, na panzi kakaa juu ya kopo.

Alhamisi, 10 Aprili

Mwili wote unauma. Tumeutazama mkanda wa tano kuhakikisha. Bila sauti safari hii, tumechoka na bomba.

Tulipofika Mama anaposhika mlango wa behewa, nikasema lile ambalo mji wote husema: "Ona anavyomtazama mumewe. Macho yale hata mimi yananitisha."

"Mume gani?" Fundi akasema. "Mume alishakwenda kunywa chai. Sehemu hii ilipigwa bila yeye."

"Basi anamtazama nani?"

"Mama Mdogo wako. Hukuambiwa? Mama yako alikuwa hajui kuyapima maneno. Akiachiwa peke yake anakimbia, anamaliza kabla, na sauti ikija kuwekwa haikai. Kwa hiyo mdogo wake alisimamishwa ubavuni mwa kamera, pale," akagusa ukingo wa kioo, "anamnong'onezea neno kwa neno, na mama yako anamfuata kwa midomo. Filamu nzima hivyo. Yale macho hayajawahi kumtazama mume hata mara moja."

Nikamwambia arudishe. Akarudisha. Nikamwambia arudishe tena. Nimeitazama filamu hii tangu utoto wangu nikijua sauti ni ya nani, na sikuwahi kujiuliza macho ni ya nani.

Jumamosi, 12 Aprili

Nilimkuta Mama anakunja taulo, analikunja na kulikunjua. Nikakaa sakafuni karibu na miguu yake.

"Mama, ile siku ya stesheni ulikuwa unamtazama nani?"

Mikono ikasimama.

"Nimtazame nani? Alikuwa amevaa blauzi yangu. Nilikuwa naogopa ataichana."

Nikanyamaza. Kuna kunyamaza ambako Mama hakuvumilii, na tangu apofuke havumilii kabisa.

"Kila sura inanipotea," akasema. "Ya baba yako imekwenda. Yako, pua siikumbuki vizuri, usikasirike. Napapasa, napapasa, hamna. Lakini yake pale ubavuni mwa kamera, na ile blauzi, na midomo inavyokwenda, naiona kama mchana. Ndiyo iliyobaki."

Nilikasirika kidogo kwa ajili ya pua yangu. Naandika ukweli. Mimi ndiye ninayemwosha na kumlisha, na iliyobaki ni sura ya mtu ambaye hajasemezana naye tangu mimi natambaa. Halafu hasira ikapita, haikuwa na nguvu ya kukaa.

"Nitafutie viatu vya kufunika," akasema. "Kule kwake nasikia kuna tope."

Jumapili, 13 Aprili

Tumekwenda. Mvua ilitusindikiza njia nzima.

Mama Mdogo alifungua mlango, akamtazama Mama, akanitazama mimi.

"Mbona anaongea na sikio langu?" maana Mama alikuwa amesema hodi upande wa kushoto.

"Haoni, Mama Mdogo."

"Uliniambia macho yanamsumbua."

"Yalimsumbua. Sasa yameacha."

Alishika fremu ya mlango. Nadhani alikuwa ameyapanga maneno yake tangu siku ile ya benchi, na sasa aliyepangiwa hakuwa na macho ya kuyapokelea.

"Kuna ngazi?" Mama akauliza.

"Moja."

"Juu au chini?"

"Juu."

Mama akanyoosha mkono hewani. Ningeweza kuushika, ndiyo kazi yangu. Nikaweka mikono yangu nyuma. Mvua ilimpiga Mama kwenye mkono ule muda mrefu, nikaanza kujilaumu, ndipo Mama Mdogo akaushika.

Ndani Mama alikataa kiti cha kwanza, kinalia. Akakataa cha pili, kina unyevu. Mama Mdogo akamwambia akae sakafuni na kuku. Akakaa kwenye cha kwanza.

"Yule mtangazaji wa redio," Mama akasema.

"Namkumbuka."

"Nilikuwa na jibu jingine mdomoni, likatoka lile. Kesho yake likawa gazetini, na keshokutwa watu wakawa wananishangilia nalo."

"Na miaka yote iliyofuata haikuwa na kesho?"

"Niliona haya. Haya ikikaa sana ndani ya mtu inakuwa kiburi, na mimi nimekaa nayo sana." Sauti ilikwaruza kuliko kawaida. "Nilikufuta, mdogo wangu. Hao wa bomba walimalizia tu. Nisamehe."

Mama Mdogo akainuka. Alikwenda jikoni, tukasikia vikombe, na pua ikipengwa kwa nguvu. Akarudi mlangoni.

"Bado unaweka sukari vijiko vitatu?"

"Vitatu."

"Utakufa."

"Nitakufa nimekunywa chai."

"Sijasema nimekubali kuja huko kwenu," akasema Mama Mdogo, akaanza kukoroga.

Jumamosi, 19 Aprili

Mama Mdogo amekuja studio kujaribu. Amemsahihisha Fundi matamshi, akamwambia Meneja atoe mkono mfukoni. Meneja katoa. Alikuwa mwanafunzi wake.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua imepungua. Mama Mdogo amefanya mikanda yote iliyobaki isipokuwa pale stesheni. Kila tukifika anainuka. "Hapo napajua, msinichoshe."

Jumamosi, 3 Mei

Onyesho limefanyika leo alasiri. Nimerudi nyumbani, miguu iko kwenye beseni, naandika.

Tuliweka madawati upande wa ukumbi wenye paa. Watu walijaa, wengine wakasimama na miavuli wazi chini ya pale panapovuja, na muuza miavuli alifanya biashara getini halafu naye akaingia. Mama alikaa mbele kwa gauni la bluu, nilimwambia ndilo la kijani. Mama Mdogo alisimama pembeni ya pazia na maikrofoni, kavaa miwani ya kufundishia. Meneja alisema tu kwamba sauti "itasomwa moja kwa moja kwa sababu za kiufundi."

Fundi akawasha. Mama kijana akafungua mdomo, na Mama Mdogo akamwingia humo humo, bila pengo. Sauti imezeeka, imekuwa na nyuzi ndani yake, lakini nilimwona Mama akikaa wima kama mtu aliyewashiwa taa.

Ulipofika mkanda wa tatu, ambao haupo, Fundi akawasha taa za ukumbi na Mama Mdogo akausimulia kwa mdomo, pazia likiwa tupu. "Mke akavaa gauni jeupe, akatenga chakula."

"La maua!" Mama akadakia kutoka mbele. "Jeupe lilikuwa la arusi ya jirani."

"Nani anasimulia?"

"Simulia, lakini usinivue nguo yangu."

Ukumbi ukacheka. Wakauendesha hivyo hadi mwisho wa mkanda wa nne, mmoja anasimulia, mwingine anarekebisha, na mimi nikasahau kwamba kuna kitu kilipotea.

Kisha ule wa tano. Stesheni. Mume akapanda. Mama kashika mlango wa behewa, macho yakageuka kidogo pembeni mwa kamera, pale ninapopajua sasa. Midomo ikafunguka.

Hakuna kilichotoka. Mama Mdogo alikuwa amesimama anaitazama ile sura kubwa inayomtazama yeye, miwani imejaa ukungu. Watu wote pale wanaujua ule mstari na hakuna aliyethubutu kuusema. Ilisikika projekta tu, na maji kwenye ndoo.

Mama haoni, lakini aliupima ule ukimya akajua mahali ulipo. Akainama mbele. Akanong'ona, kwa sauti yake ya kuburuta meza, polepole, neno kwa neno, kama alivyonong'onezewa yeye:

"Mimi... si mzigo... Sema, mdogo wangu. Mimi si mzigo."

"Mimi si mzigo wa kuachwa stesheni!"

Ilitoka yote, mbichi, ikajaza ukumbi. Kwenye pazia midomo ilishafungwa, treni ilishaondoka, jukwaa la stesheni lilikuwa tupu. Hakuna aliyejali kwamba imechelewa.

Taa zilipowaka, Meneja alimpa Mama maikrofoni aseme machache kama mgeni wa heshima. Nilimshika kiwiko.

"Sauti mliyoisikia leo ndiyo mliyoisikia siku zote," akasema. "Mimi nilikuwa nafungua mdomo tu. Mwenyewe ni yule pale, mdogo wangu wa tumbo moja. Niliwadanganya, na yeye nilimdhulumu."

Kukawa na manung'uniko. Mwanamke mmoja alisonya, na haki yake. Halafu nyuma kabisa muuza miavuli akapayuka, "Kumbe ni Mwalimu wa Imla!" na ukumbi mzima ukasimama, nadhani nusu kwa kushangilia na nusu kwa woga wa shule.

Jumatatu, 19 Mei

Jua. Nimekabidhi ufunguo. Magodoro yamefika kwenye lori mbili, na vijana wa kupakua wameyarundika pale ilipokuwa meza ya kuhariria. Mikanda mitatu ya stesheni nimekuja nayo nyumbani, na sasa nyumba nzima inanuka siki. Mama anasema hajui tena mimi niko chumba gani.

Daktari anauliza najisikiaje. Nimechoka. Mama Mdogo anakuja kila siku baada ya kulisha kuku, anakaa mbele ya televisheni na kumsimulia Mama kinachopita. Mama anauliza kavaa nini, anajibiwa, anakataa. Wanagombana tangu chai hadi jioni. Kapu nimelipata, na limejaa kelele.

Leo tulitoka wote watatu kwenda dukani, Mama kashika mkono wa Mama Mdogo, mimi nyuma, mikono mitupu kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Pale kona muuza miavuli amekaa juani bila mteja.

"Mama! Mzigo vipi leo?"

Mama akasimama. "Unamuuliza nani? Mwenyewe huyu hapa."

Mama Mdogo akatua kikapu chini. Akaweka vizuri kitambaa cha kichwa, akavuta pumzi, akausema mstari wote, pale barabarani, hadi mwenye duka la dawa akatoka nje. Na kando yake Mama, uso kaugeuzia kwake, alikuwa anaufuata kwa midomo bila kutoa sauti, na hakukosea hata neno moja.